Kopi Mia Moja na Makumi Ine

Bantu ba Baraka banasema mi, Saumu binti Uledi, niko na roho mubaya. Sikatai. Roho yangu ilikuwa muzuri mpaka mwaka jana, mwezi wa kwanza, siku yenye Papa Raphaël alisimama mbele ya bazazi mia mbili akanionyesha na kidole. Toka ile siku ubaya wangu nimeutunza, nimeulisha, na wallahi haujanisumbua hata kidogo. Kama unatafuta hadithi ya kusameheana, uliza ku jirani.

Nieleze kwanza kazi yangu, juu bila ile hautaelewa kitu. Kuko umoja wa mashule makumi mbili na sita, toka Lweba mpaka Kazimia, na biro yake iko hapa Baraka, nyuma ya soko. Mu ile biro, chini ya meza, kuko masini moja ndogo ya kupokea na kutuma barua za mashule ku internet. Ni mi niliifunga, na kwa miaka sita ni mi nilikuwa naichunga. Shule ikiandika, barua inapita kwanza kwetu, masini inaiandika mu ghala yake, kisha inaituma kwenye inaenda. Biro ya mitihani inapokea tu barua zenye zinatoka ku adresi ya umoja. Yaani kama jina ya mutoto haikupita mu ile masini, ule mutoto hana mutihani ya Serikali, na bila mutihani, miaka yote yenye alikaa ku banc ya shule imekuwa bure.

Sasa, masini iko na sehemu ya kufanyia kazi, banaita mémoire. Ifikirie kama meza. Ghala inatandaza karatasi zake pale juu ikiwa inapanga barua. Barua moja kwa muntu moja, nafasi iko. Barua moja kwa bantu mia, inaandika mistari mia, inabeba kopi mia, na meza inajaa. Ikijaa, masini haikuulizi. Inatafuta mwenye anakula nafasi mingi kuliko bote, inamuua palepale ili yenyewe ibaki muzima. Na mwenye kula mingi ni ghala, kila mara.

Na nani alikuwa anaandikia bantu mia? Papa Raphaël, coordinateur wetu, mukubwa wa umoja. Huyu papa alikuwa préfet, mukubwa wa shule, miaka makumi mbili, na unajua barua za bapréfet: chini kabisa, "kopi kwa taarifa". Kwa administrateur, kwa chef wa secteur, kwa bapadri, bapasta, baimamu, comité ya bazazi, bakubwa benye balishastaafu na bengine benye balishakufa. Zamani, ku karatasi, ile ilikuwa kazi ya secrétaire na miguu yake. Siku Papa alijua kutumia ordinateur, yaani kompyuta, aliingiza desturi yote mule ndani. Kopi mia moja na makumi ine. Barua ya kualika mukutano, na scan ya sceau, muhuri yake ya rangi: kopi mia moja na makumi ine. Barua ya kusema mukutano umesogezwa: vilevile. Hakuna mwenye alithubutu kumwambia aondoe hata jina moja, juu kuondoa muntu ku kopi ni kumutukana, na Papa Raphaël hakuwa tayari kutukana hata marehemu.

Masini ikaanza kuchelewa, yeye akakasirika. Akaniita.

"Saumu, ifanye ipokee kwanza. Kuandika, itaandika baadaye."

Alitaka ghala ijibu "imepokelewa" mbele ya kuiweka barua ku disque, pahali inabaki hata umeme ikikatika. Ni mbio, kweli. Nikamwambia, Papa, ikikufa pale katikati, barua yenye tumesema imepokelewa itakuwa imepotea, na hakuna mwenye atajua.

"We unapenda kukatalia bakubwa," akasema.

Basi nikaandika barua, ku karatasi, vile yeye mwenyewe alitufundisha. Naomba tusifanye hivi. Naomba kopi zipunguzwe. Tusipofanya, barua za mashule zitapotea na hakuna mwenye atajua. Akaigonga sceau, akatia sahihi na tarehe, akanirudishia nakala yangu, yote bila kutoa macho ku simu yake. Hakusoma hata mustari moja. Kesho yake akaniamuru mara ya pili, nikafanya. Ndiyo, mikono ilikuwa yangu. Ile sifichi.

Ikafika mwezi wa kwanza, siku ya mwisho ya kutuma majina ya batoto ba mutihani. Mashule yote yanatuma siku moja, kama kawaida yetu. Na ile siku, saa sita ya mchana, Papa Raphaël akaona ni muzuri kutuma heri za mwaka mupya. Na picha yake. Kwa bantu mia moja na makumi ine.

Ghala ikakufa. Nikaiwasha, ikakufa tena, nikaiwasha tena, mpaka ile picha ikamaliza kupita. Ku Swima, directeur Alphonse alikuwa ametuma majina makumi ine na tatu, akajibiwa "imepokelewa", akafunga ordinateur yake akaenda kwake kula. Majina hayakuwa ku disque. Hayakuwa pahali popote. Tulijua wiki mbili baadaye, liste ya mwisho ilipotoka, na kufungua upya biro ya mitihani haikukubali. Batoto makumi ine na tatu ba Swima habakufanya mutihani. Moja wao ni Faida, mudogo wangu, tumbo moja, mwenye alikuwa anakaa kule kwa bibi yetu ili asome.

Mukutano ya bazazi ikaitwa. Papa Raphaël akavaa kravati. Akasema: "Bazazi, masini haina kosa. Mwenye kuchunga masini ndiye alifuta majina. Muko naye hapa." Na kidole.

Nilifungua kinywa, hakuna mwenye alisikia. Bamama ba Swima, benye nimekula kwao tangu mutoto, balinitemea mate ku miguu. Nilikimbia ku biro kuchukua nakala yangu yenye sceau mu tiroir ya meza, nikakuta kufuli mupya, na ndani Patrice, mutoto wa dada ya Papa Raphaël, ameshaketi ku kiti yangu na diplôme yake ku ukuta. Akanambia mu tiroir hamuna kitu. Labda alisema kweli. Labda walishaichoma.

Faida alilia siku tatu, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kuliniuma kuliko mate ya bamama. Baba yetu, Uledi, mwenye boti ya Kazimia, si muntu wa maneno mingi. Alimwambia: "Utarudilia mwaka, mara moja tu. Jina yako isipofika tena, utaenda Kazimia kwa shangazi yako, kukausha samaki ndagala." Na mi najua baba yangu. Akisema, amesema.

Nikafungua meza ya kutengeneza simu pale soko. Kila asubuhi Papa Raphaël anapita mbele yangu, anasalimia bote, anaruka mi. Hasira ilinikaa mwaka muzima. Nilikula nayo, nililala nayo.

Kisha siku moja nikakumbuka. Ile barua yangu, hata mi niliifanyia kopi kwa taarifa. Si nilikuwa muntu wa biro yake? Nilipiga photocopie tatu na sceau juu, nikazigawa kwa mukono: kwa pasta, kwa inspecteur mumoja mwenye alishahama, na kwa Mama Espérance, prezida wa comité ya bazazi. Nikaenda kwa pasta. Yake ilishafunga karanga. Nikaenda kwa Mama Espérance.

"Barua? Ziko zote mu valize," akasema. "Mi sisomi, mwanangu. Natunza tu."

Akaivuta chini ya kitanda. Miaka kumi na moja ya kopi kwa taarifa, enveloppe juu ya enveloppe, hakuna hata moja yenye ilishafunguliwa. Tulichambua mpaka adhana ya adhuhuri. Ilikuwa pale, na sceau, na sahihi, na tarehe: mwezi wa kumi, miezi mitatu mbele ya yale majina kupotea. Nikamusomea. Mama Espérance akaketi chini ku simenti. Mujukuu wake alikuwa mu wale makumi ine na tatu, na yeye ndiye alinitemea wa kwanza.

"Nipige kelele sasa?" akauliza.

"Hapana, Mama. Tungoje siku ya majina."

Hapa sasa ndipo roho yangu mubaya inaonekana, nataka uione vizuri. Nilijua Patrice hajabadilisha kitu. Nilijua masini itakufa tena ile siku, juu mashule yanatuma siku moja na Papa Raphaël hawezi kukaa siku moja bila kuandikia marehemu. Ningeweza kuonya. Jina ya Faida ilikuwa itapita mu mulango uleule, na shangazi ya Kazimia alishauliza atakuja lini. Nilijua ninacheza na maisha ya mudogo wangu. Lakini nilitaka Papa Raphaël aanguke bantu bote bakiwa wanaona, si pembeni, si kwa barua. Niliomba Mungu masini ikufe, na niliomba Faida asiguswe, zote mbili mu swala moja.

Mwaka huu, siku ya mwisho iliangukia siku ya ine ya wiki. Saa saba na nusu nikamuona anakuja mu soko kwa miguu, bila kravati, shati imelowa. Akasimama mbele ya meza yangu. Nilikuwa nafungua simu ya muntu, sikuinua kichwa.

"Mama Saumu. Masini inakufa."

"Pole yake."

"Toka asubuhi. Patrice anaiwasha, inakaa dakika moja, inakufa."

"Patrice iko na diplôme."

"Usinicheke, mama. Majina ya mashule yote ni leo. Saa kumi banafunga. Badirecteur bamejaa ku biro, bananipigia kelele. Nakuomba."

Lile neno, nakuomba, nililiacha likae kidogo pale hewani. Lilikuwa tamu. Kisha nikafikiri Faida, nikaweka simu chini. Nilichukua sakosi yangu, mufuko yenye enveloppe ya ile barua. Nikamupigia Mama Espérance, nikamwambia aje.

Ku biro kulikuwa badirecteur kumi na moja, balikuja na mapikipiki toka asubuhi. Alphonse wa Swima alikuwa ameegemea ukuta, uso wa muntu mwenye anafiwa mara ya pili. Patrice alinipisha kiti bila kuniangalia. Saa nane kasoro dakika tano. Sikuketi. Nilimupatia Papa Raphaël ile karatasi.

"Mbele ya kugusa kitu, somea bantu hii. Kwa sauti."

Akaangalia sceau. Akajua. "Saumu, wakati haiko."

"Basi soma mbio."

Mama Espérance alifunga mulango, akasimama mbele yake na ule mwili wake, na hakuna mwenye alimwambia atoke. Papa Raphaël akasoma. Alisoma kama mutoto wa mwaka wa kwanza, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa jipya kwake, bote baliona. Alipofika kwenye "barua za mashule zitapotea na hakuna mwenye atajua", sauti ikamukatika. Nikamwambia aendelee. Akamaliza.

"Tarehe?" Alphonse akauliza.

"Mwezi wa kumi. Mwaka juzi."

"Na sceau ya nani?"

"Ya kwangu," akasema, chini-chini.

"Hatusikii," akasema Mama Espérance.

"Sceau ni ya kwangu."

Alphonse akatoka ku ukuta, akaja mbele yangu. "Nilisema jina yako vibaya mu Swima muzima, dada. Nilisema mpaka ku kanisa."

Nikamwambia tutaongea kesho, leo tuko na batoto. Sikuwa na shida na Alphonse.

Niliketi. Kuangalia tu, nikaona. Pale mwanzo wa foleni, barua moja nzito imeziba mulango. Masini ikiamka, ghala inaikamata ile ya kwanza, inajaribu kuipanga, meza inajaa, inauawa. Inaamka, inaikuta palepale. Nyuma yake, majina ya mashule yanapokelewa na kupotea, yanapokelewa na kupotea, vilevile kama mwaka jana. Swima haikuwamo. Hata shule moja haikuwamo.

Kwanza nilibadilisha ile amri ya ubaya: andika ku disque, ndipo ujibu. Nikawaambia badirecteur bajiandae kutuma upya, na benye hawako hapa bapigiwe simu. Kisha nikasoma barua yenye imeziba ilitoka wapi.

Ilitoka kwa Papa Raphaël. Saa mbili ya asubuhi. Alikuwa anaomba kiti ya mukubwa wa elimu mu province, kule Uvira. Karatasi kumi na moja za scan: madiplôme, sifa, picha. Kopi mia moja na makumi ine, ili kila muntu ajue anaomba. Na mwisho wa kupokea maombi ilikuwa leo, saa kumi.

Nilifurahi. Nikageuka, nikasema kwa sauti bote basikie.

"Papa, ni barua yako ndiyo inaua masini. Ile ya kuomba kiti."

Badirecteur bote bakageukia Papa Raphaël. Yeye akapanguza uso. "Sasa itafanyiwa nini?"

"Ikiwa pale, hakuna jina ya mutoto yenye itapita. Uko nayo pahali pengine?"

"Hapana. Karatasi zenyewe zilienda na boti jana, zitafika kesho kutwa. Scan iko mu ile barua tu." Akaangalia saa ku ukuta. Saa nane na dakika makumi mbili. "Hakuna namna ya..."

"Batoto elfu moja na kitu, Papa. Chagua."

Mama Espérance alikuwa anamuangalia tu. Nikasimama, nikamuonyesha kiti.

"Finya we mwenyewe. Mi mwaka jana ulisema niko na mukono ya kufuta. Leo sigusi."

Akaketi. Masini ikamuuliza kama kweli anataka kuifuta, juu masini iko na adabu kwa ile mambo. Kidole chake kilikaa juu ya ile touche ya kufinya muda murefu kabisa. Nikahesabu moyoni, nikaona Patrice amegeuza uso. Kisha akafinya.

Ghala ikaamka, ikabaki muzima. Lweba ikapita ya kwanza. Badirecteur balikaa ku madirisha na masimu yao, shule moja nyuma ya ingine, na kila moja ikiingia nilisoma jina ya shule na Alphonse akaandika ku ubao. Swima ikaingia saa tisa na nusu. Nikafungua liste, nikashuka na kidole. Namba kumi na saba: Faida Uledi. Nilisoma mara tatu. Hata hivyo sikuamini, mwaka jana ulinifundisha. Nikainama chini ya meza nikachomoa umeme.

Alphonse alipiga kelele, Mama Espérance akamukamata mukono. Nikarudisha umeme. Masini ikaamka pole pole, nikafungua ghala, Swima iko, batoto bote bako, Faida iko namba kumi na saba. Pale machozi yakanitoka, na sikuyaficha. Saa kumi kasoro dakika sita, shule ya makumi mbili na sita ikapita, biro ya mitihani ikajibu yote imefika.

Badirecteur balitoka bakisukumana, banapiga simu kwa bazazi, banacheka. Mama Espérance alinikumbatia mpaka mifupa ikalia. Patrice alitoka bila kuaga. Nikabaki mi na Papa Raphaël. Alikuwa bado ku ile kiti, anaangalia saa ku ukuta, saa kumi na dakika tatu. Alikuwa amezeeka mu ile mchana moja.

"Saumu," akasema. "Kulikuwa namna ingine?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini, angekwenda kwake akasema ni mapenzi ya Mungu, akalala vizuri. Sikutaka alale vizuri.

"Ilikuwa," nikamwambia. "Ningeondoa kopi zote, nikaacha adresi moja tu ya Uvira. Mémoire ingetosha. Dakika mbili, Papa. Majina ya batoto yangepita, na barua yako ingefika mbele ya saa kumi."

Alinigeukia. "Na haukusema kitu."

"Sikusema."

"Juu ya nini, mutoto wangu?"

"Juu nilitaka ukose."

Aliinamisha kichwa. Nilimuangalia mpaka nikashiba, kisha nikachukua sakosi yangu, nikatoka nje kumupigia Faida simu.